Uso Uliooshwa Pamoja na Kiu

"Samahani mama, naomba kuuliza. Kisu cha kumenyea ndizi kinakaa wapi?"

Anayeuliza ni Eliamani, mume wangu wa ndoa, amesimama mlangoni mwa jiko alilolijenga yeye mwenyewe. Ameshikanisha mikono mbele kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Kipo hapo nyuma ya mlango, kimechomekwa."

"Asante sana, mama. Nisamehe kwa usumbufu."

Usumbufu! Huyu ndiye mwanamume aliyekuwa akipaza sauti toka kihambani, kule chini kwenye migomba, mpaka majirani wa ng'ambo ya mto wanakuja mbio kuuliza nani kafa, kumbe bwana hajaziona soksi zake. Nilikuwa namjia juu. Nilimwambia siku moja nitazichoma soksi hizo na yeye akiwa ndani yake. Leo ningetoa kitu chochote anifokee kwa ajili ya soksi.

Alichukua kisu, akainamisha kichwa kidogo kuniheshimu, akatoka. Nikamtazama mgongo. Amerudisha mwili vizuri, tumbo lile la maji limekwisha, na macho yaliyokuwa ya njano kama bizari sasa ni meupe. Mikono haitetemeki. Amerudi kazini kwenye nyavu za ukungu, zile zinazotegwa juu ya kijiji kutukamatia maji tangu mlima ulipomaliza theluji yake, na mafundi wenzake wanamwachia tena kupanda nguzo ndefu. Kila jirani anayepita hapa ananiambia, Mama Manka, mshukuru Mungu. Namshukuru. Kisha naingia ndani nalia, maana mume wangu amepona na hanijui.

Si kwamba kasahau kila kitu. Mwulize mkewe ni nani, atakwambia ni Ndeshi, binti wa mzee Kisamo. Atakueleza jinsi mvua ilivyonyesha siku ya harusi mpaka bendi ikacheza chini ya turubai moja na ng'ombe. Manka, binti yetu, anamjua hadi kovu la goti. Ila mbele yangu, uso kwa uso, anamwona mama mmoja anayekaa hapa kwa wema wake. Ameelezwa kwamba mama huyo ndiye Ndeshi. Amekubali, kama mtu anavyokubali habari za nchi asiyowahi kufika. Usiku analala chumba cha zamani cha Manka, kwa sababu, alivyomwambia binti yake, si adabu kulala na mama wa watu.

*

Kwanza nieleze walivyomwosha, maana watu wa huku wanapotosha sana.

Eliamani alianza na mbege yangu, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Hilo silifichi, nani hakuanza na mbege ya nyumbani kwao? Ila mbege ikawa haimtoshi, akahamia kwenye gongo, na gongo haina subira na mtu. Daktari alinichorea ini lake kwenye kioo. Kwanza lilijaa mafuta, akasema, kisha makovu, na kovu halifanyi kazi ya ini. Damu ikikosa njia ya kupita hapo hutafuta vichochoro, hupanda mpaka kwenye mishipa ya koo, nayo mishipa hiyo ni myembamba. Siku wakwe walipokuja kumposa Manka, mishipa ikapasuka. Alitapika damu mbele yao, juu ya mkeka mpya. Kabla ya hapo alikuwa ameshaachia kamba ya nguzo kazini, asubuhi, mikono ikitetemeka kwa kukosa pombe, na jirani yetu Ngalai anachechemea mpaka leo.

Ini siku hizi linaoteshwa maabara, kwa chembe za mwenye mwili, kama mche kitaluni. Lakini hayo maini ni machache na wanaoyangoja ni wengi, kwa hiyo sheria inasema hapandikizwi mtu ambaye kiu yake haijaoshwa. Na ukishapewa moja, la pili hakuna. Tukapelekwa mjini, kwenye kliniki ambayo kila mtu anaiita Kliniki ya Kiu.

Wanakudunga vijichembe vinavyosafiri na damu hadi kwenye ubongo. Kisha wanakuvika kofia ya waya na kukuamshia kiu makusudi. Zile njia za kiu zikiwaka kichwani, vijichembe vinanasa papo hapo, na kofia inazizima. Ili kiu iamke sawasawa wanataka chombo cha nyumbani na mkono wa nyumbani. Daktari Atupele, mama mpole mwenyeji wa Mbeya, aliniambia, "Mpe kama unavyompa nyumbani, mama. Usibadilishe kitu chochote."

Sikubadilisha. Kwetu anayekupa mbege huonja kwanza. Anapiga funda moja mbele ya macho yako, ndipo unapokea kata, kile kibuyu cha kunywea. Asiyeonja ana lake jambo, na kata yake haipokelewi. Basi nikasimama mbele ya mume wangu, nikainua kata, nikaonja, nikamnyooshea, naye aliponyoosha mkono wakamzuia. Tena. Na tena, asubuhi nzima, mpaka midomo yangu ikafa ganzi. Ningempaje bila kuonja? Niitwe mchawi mbele ya madaktari?

Vijichembe havikuwa na ujuzi wa kutenganisha kata na uso ulio juu yake. Kila kiu yake ilipowaka, mimi nilikuwamo, tangu siku ya posa yetu. Vikanasa kote, kofia ikazima kote. Eliamani alipovuliwa kofia alinitazama, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Asante sana, mama. Wewe ndiye muuguzi wa zamu?"

Daktari Atupele alikaa chini. Alikuwa hajui desturi yetu, na mimi sikujua kwamba ni kitu cha kumwambia mtu. Nani anamweleza mwenzake kwamba chakula kinatiwa mdomoni?

*

Sauti yangu hawakuiosha. Mdomo ulio kwenye kata hauongei, kwa hiyo asubuhi ile nzima sikusema neno, na sauti ikapona.

Niligundua hilo kwa bahati. Mvua ilianza kudondoka, nikapiga kelele toka jikoni, "Baba Manka, ulezi unalowa!" Na kutoka nyuma ya nyumba nikasikia, "Nimeuona, mke wangu, kwani mimi kipofu?" Mke wangu. Nilikimbia nje kama msichana. Aliponiona, uso wake ukajifunga, akasema, "Pole mama, umelowa."

Akiniona tu, sauti nayo inakuwa ya mgeni, kwa hiyo tangu siku hiyo tunaishi kwa ukuta. Yeye anakaa upande wa nje kwenye kigogo, mimi ndani, na mbao katikati. Tunasengenya majirani. Ananitania mapishi yangu. Mara moja alicheka kile kicheko chake cha puani, nikauma kanga ili asisikie ninavyolia. Mtu akinipa habari hii kuhusu mwanamke mwingine nitasema ni kichaa, lakini nilikuwa naamka asubuhi nikiutamani ukuta kama wengine wanavyotamani kitanda.

Siku ya kisu, alipokaa nje kumenya ndizi, nikamwita.

"Baba Manka."

"Naam."

"Daktari kanipigia. Masika yakiisha, vile vijichembe vinayeyuka kwenye damu na kila kitu kinakwenda navyo. Kabla ya hapo vinaweza kuwashwa tena."

"Najua."

"Lakini vinawaka vyote. Uso na kiu vimeshikana kama ukoko na sufuria. Hawawezi kurudisha kimoja wakaacha kingine."

"Najua, Ndeshi. Wanataka vidole viwili vya idhini, cha mgonjwa na cha ndugu aliyeshuhudia. Mimi changu nimeshaweka."

Mwiko ulinidondoka. "Umeweka lini?"

"Nilipopita kuchukua dawa."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie wapi, mke wangu? Nikiingia ndani sikukuti. Namkuta yule mama."

"Yule mama ni mimi."

"Ndivyo wanavyosema. Ni mama mzuri, sina neno naye. Tena mtori wake umekushinda wewe." Nikasikia ganda la ndizi likidondoka kwenye beseni. "Ila nimechoka kukaa na mgeni. Nataka kukuona."

"Na kiu je?"

"Nitapambana nayo."

"Ulishapambana nayo, ikakupiga mbele ya wakwe."

"Sasa nina akili."

"Akili ulikuwa nayo hata wakati ule. Pombe si chai, Baba Manka."

Kisu kikaendelea, kikasimama. "Nataka kukuona," alisema tena, polepole, na mimi nikashindwa. Nikatoka. Nilijua kitakachotokea lakini miguu haikunisikiliza. Nilizunguka ukuta, nikasimama mbele yake na unga mikononi, nikimwomba Mungu mara hii tu.

Eliamani aliinuka haraka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Karibu, mama," alisema. "Kaa hapa kwenye kigogo, mimi nitasimama."

*

Manka anaishi Mtwara na mumewe, yule yule ambaye ndugu zake walitapikiwa damu na bado akaja kuoa. Nilimpigia, picha yake ikasimama juu ya meza, ndogo kama chupa ya soda, imeshika kiuno.

"Mama, usithubutu."

"Baba yako anataka mwenyewe."

"Baba aliwahi kutaka mambo mengi. Wewe ulikuwa unampokea mlangoni, mama. Mimi nilikuwa namwokota mtaroni nikiwa na sare za shule, wenzangu wanapita wananiangalia. Ini hili jipya likifa hakuna jingine. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Wewe anakujua, Manka. Akikuona anakuita jina. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Lilikuwa neno kali na nililisema nikijua kwamba ni kali. Picha yake ikachezacheza.

"Mimi namtaka baba mzima," alisema mwishowe, na alikuwa analia. "Hata kama hakujui, mama. Nisamehe. Marehemu anayekupenda atakusaidia nini?"

Nilikuwa na tamaa tu, na tamaa haihojiwi ikajibu. Nilimtamani Eliamani wangu, yule wa kelele na soksi, anitazame usoni mara moja na kuniita jina langu. Kwa ajili ya hilo nilikuwa tayari kumhatarisha. Heri niseme wazi kuliko kujifanya malaika.

*

Tulishuka mjini pamoja, mimi siti ya nyuma, yeye mbele, maana aliniambia mama akae panapopumzisha miguu. Kwenye kliniki akabaki kwenye benchi la nje. Daktari Atupele akanipeleka chumba cha ndani.

Juu ya meza kulikuwa na kioo kidogo cha kuwekea kidole, kinawaka kijani. Kando yake kulikuwa na kofia ya waya.

"Sheria inataka shahidi aonje kwanza anachorudisha," alisema. "Kofia itakuonyesha kidogo tu, tena tumekipunguza makali. Siwezi kukushauri, mama. Nilishakosea mara moja kwenu."

"Umeona?" nikamwambia. "Hata ninyi mnaonja kabla ya kutoa."

Alitaka kucheka, akashindwa. Akanivika.

Sikuona picha. Nilikuwa ndani ya mwili wa mtu mwingine, mrefu kuliko wangu, mabega yanauma kwa kazi. Nilikuwa nimekaa uani kwa baba yangu siku ya posa, na mbele yangu alisimama msichana ameshika kata. Alionja. Povu likambaki juu ya mdomo, naye hajui, anajitahidi kuwa makini mbele ya wazee huku macho yanamcheka. Nikahisi kifua cha mwanamume yule kinabana. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa mzuri kiasi hicho. Kioo cha nyumbani hakikuniambia hata siku moja.

Ikaja jioni nyingine, na nyingine. Miaka ile mibaya nilikuwa najiuliza, nikimnyooshea kata, kama anachokitazama ni mimi au ni pombe. Niliingia kwenye kofia ile nikiwa na hofu ya jibu. Basi alikuwa ananitazama mimi. Kila mara. Hata tumbo lilipokuwa limevimba na miguu haimbebi, macho yake yaliipita kata yakaja usoni kwangu, na moyoni alikuwa anasema, huyu ataniacha, kesho naacha, Mungu nisaidie kesho niache asije akaniacha.

Nililia kwa furaha ndani ya kofia. Niliita jina lake.

Kisha kiu ikaja. Nilidhani itaanzia kooni, kumbe ilianzia kwenye mifupa, ikawasha ngozi yote kwa ndani, ikanifanya nimchukie kila aliye kati yangu na kata. Na uso wa yule msichana ulikuwa humo humo. Kadiri nilivyompenda ndivyo nilivyoungua. Nilijaribu kumshika yeye niiache kiu. Nilijaribu kweli. Havikuachana.

"Mama Manka! Mama Manka, achia!"

Kofia ilikuwa imeshavuliwa. Daktari alikuwa ananibandua vidole kutoka kwenye chupa ya spiriti ya kusafishia vidonda. Kifuniko nilikuwa nimeshakifungua. Mimi, niliyepika mbege tangu usichana wangu na sijalewa hata siku moja.

Aliifunga chupa, akaifungia kabatini.

"Hiyo ndiyo iliyopunguzwa?" nikauliza.

"Ndiyo."

Kioo cha kijani kiliendelea kuwaka. Kidole cha Eliamani kilikuwa kimo tayari, mistari yake naijua. Yeye anataka. Ni mtu mzima, mwenye akili, ameamua juu ya mwili wake, na mimi ni nani wa kumnyima? Lakini ametaka akiwa hajui anachokitaka. Alisema nitapambana nayo, na aliyesema hivyo ni mtu asiye na kiu. Anayeikumbuka sasa ni mimi peke yangu, tangu dakika chache zilizopita, na tayari nilikuwa nimeshika spiriti.

Nilinyoosha mkono mpaka joto la kioo likanigusa. Nilitaka sana. Mungu anajua sijawahi kutaka kitu hivyo tangu nizaliwe.

Nikaurudisha mkono kwenye kanga.

"Acha viyeyuke," nikasema.

"Una hakika, mama?"

"Sina. Zima hicho kioo haraka."

*

Eliamani alisimama aliponiona natoka. Alikuja mpaka karibu, akanishika mabega, jambo ambalo hakulifanya tangu aoshwe, akaanza kunitazama.

Nilielewa. Alidhani nimeshaweka kidole. Alidhani kila kitu kimeshawashwa na sasa nitatokea, mbele ya macho yake, wakati wowote. Alinitazama paji la uso, akanitazama midomo, akarudi machoni, polepole, kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwenye umati wa stendi. Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Sikuweza. Hakuna aliyewahi kunitazama kwa hamu kama ile, hata siku ya posa, nami nilikuwa nimetoka kuiona. Nikasimama, nikauinua uso, nikamwachia atafute.

"Bado sijakuona, mama," alisema hatimaye, kwa upole, kama anayeona aibu. "Labda inachukua muda."

"Sikuweka kidole, Baba Manka."

Mikono yake ikashuka. Nilingoja anifokee. Ningefurahi kufokewa.

"Umenidhulumu," alisema. Hakupaza sauti.

"Ndiyo."

"Umemwona, huyo wa humo ndani? Huyo mimi wa zamani?"

"Nimemwona."

"Alikuwa anakupenda?"

"Sana," nikasema. "Sana, Eliamani. Sikujua."

Alikaa kwenye benchi, akaangalia sakafu kwa kitambo. Muuguzi mmoja alipita akisukuma kitoroli. Kisha akainuka, akanikabili, akatoa mikono yote miwili kama tunavyoitoa kwenye nyumba yenye msiba.

"Basi pole, mama," akaniambia. "Pole sana."

Nikaipokea mikono yake. Ilikuwa mikavu, yenye nguvu, haina mtetemo hata kidogo.

"Nimeshapoa," nikamjibu, kama inavyojibiwa.

Akanipokea mkoba, akatangulia kwenda kwenye gari, akanifungulia njia katikati ya watu. Nikamfuata nyuma nikimwangalia. Hakuyumba, hakushika ukuta, alishuka ngazi zote akiwa ameinua kichwa. Alikuwa anatembea vizuri. Mungu wangu, jinsi alivyokuwa anatembea vizuri.